Dondoo muhimu: Mizani inapopanda na kushuka kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito

Hospitali nyingi za Uingereza humtaka mgonjwa ale mlo wa kilokalori 800 hadi 1,000 kwa siku, kwa wiki mbili hivi kabla ya upasuaji. Kinacholengwa hasa ni ini. Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, ini mara nyingi hujaa mafuta, likavimba na kuufunika mfuko wa chakula. Daktari anayepitisha vyombo kwenye matundu madogo hulazimika kuliinua ili aone anapokata. Likisinyaa, kazi huwa salama zaidi.

Siku za mwanzo kilo hushuka kwa kasi. Sehemu kubwa ni maji: kila gramu ya glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa kwenye ini na misuli, hukaa na takriban gramu 3 za maji. Akiba hiyo ikipungua, kasi nayo hupungua, na hapo ndipo wengi hukata tamaa bure.

Supu ya pakiti yenye chumvi nyingi usiku, hedhi inayokaribia, au kukosa choo: lolote kati ya hayo laweza kuongeza hata kilo moja bila mafuta mwilini kuongezeka. Basi mgonjwa apime asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, kwa mizani ileile, kisha alinganishe wiki kwa wiki.

Asiruke milo ili kuifukuza kilo hiyo, wala asipunguze maji ya kunywa.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari amwone daktari kabla ya kuanza mlo huu, maana dozi ya kawaida inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.