Amonaiti: Jiwe Bila Lebo ni Jiwe Tu

Wanachuo wenzangu, tukisikia neno visukuku wengi wetu tunawaza fuvu la Olduvai au mijusi mikubwa ya Tendaguru. Leo nataka tumwangalie kiumbe mdogo zaidi, amonaiti, na watu wanaomkusanya kama burudani ya mwisho wa wiki. Mimi nasomea ualimu, na naona burudani hii ina somo ambalo darasani tunalihubiri sana: ushahidi una thamani pale unapojua umetoka wapi.

Kwanza, ni nini hasa? Amonaiti alikuwa mnyama wa baharini, ndugu wa pweza na ngisi, aliyeishi ndani ya gamba lililojiviringa. Alipokufa, gamba lilizama, likafunikwa na matope, nyama ikaoza, na taratibu madini yakachukua nafasi. Wote walitoweka miaka milioni 66 hivi iliyopita, pamoja na dinosaria. Jina lao linatokana na Amoni, mungu wa Misri ya kale aliyechorwa na pembe za kondoo dume. Kule Whitby, Uingereza, watu walisimulia kwamba hawa ni nyoka waliogeuzwa mawe na Mtakatifu Hilda. Wauzaji nao wakawa wanachonga kichwa cha nyoka kwenye jiwe ili biashara iende!

Uwanja maarufu wa wakusanyaji ni pwani ya Lyme Regis na Charmouth, kusini mwa Uingereza. Huko ndiko Mary Anning (1799–1847), binti wa fundi seremala, alikojipatia riziki kwa kuokota na kuuza visukuku, na wasomi wakubwa wa wakati wake wakajifunza kutokana na kazi ya mikono yake. Hadi leo bahari inabomoa miamba, hasa baada ya dhoruba, na mawe yanaanguka ufukweni. Mkusanyaji makini anaokota yaliyokwisha kuanguka. Hachimbi ukuta wa mwamba, maana unaweza kumporomokea. Pia anajua saa za maji kujaa na kupwa, kama mvuvi yeyote wa kwetu.

Kazi yenyewe inaanzia nyumbani. Hatua ni hizi:

1. Andika lebo kabla ya yote: mahali, tarehe, tabaka la mwamba, na jina la aliyeokota.
2. Vaa miwani ya kinga. Tumia nyundo ya wanajiolojia na patasi, si nyundo ya seremala, kwani chuma chake kinaweza kuruka vipande.
3. Ondoa mwamba kidogo kidogo kwa sindano na brashi. Wenye uwezo hutumia kalamu inayotetemeshwa kwa hewa ya kompresa. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, kwa hiyo barakoa ni lazima.
4. Kikivunjika, gundi iwe ya kuweza kuyeyushwa tena, ili atakayekuja baadaye aweze kurekebisha.
5. Hifadhi pakavu. Amonaiti wenye madini ya pairaiti, yale yanayong'aa kama dhahabu, wakipata unyevu hutoa asidi na kumomonyoka.

Sasa, kwa nini nasisitiza lebo? Kwa sababu jamii za amonaiti zilibadilika haraka na kuenea bahari nyingi. Katika karne ya 19 Mjerumani Albert Oppel aliwatumia kupanga matabaka ya miamba ya Jurasiki kwa mfuatano. Yaani ukijua ni amonaiti gani na katoka tabaka gani, umepata saa ya kusomea umri wa mwamba.

Na hapa ndipo habari inapofika nyumbani. Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi wetu hadi bandarini, na mjusi mkubwa kuliko wote sasa amesimama Berlin. Matabaka yenye mifupa yamepishana na matabaka ya bahari, na humo wamo amonaiti waliosaidia kukadiria umri wa mijusi hao. Kiumbe mdogo ndiye aliyetoa tarehe ya mkubwa.

Basi ukikuta jiwe la namna hiyo pwani ya kusini, usikimbilie kulitia begini. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuchimba mabaki ya kale kunadai kibali. Piga picha, andika mahali, toa taarifa kwa wahusika. Jiwe likihamishwa bila maelezo, hakuna maabara itakayorudisha habari iliyopotea.

Kwa wenzangu tutakaokwenda mazoezi ya kufundisha, kifaa ni rahisi: kandamiza gamba la konokono kwenye udongo wa mfinyanzi, litoe, mimina uji wa jasi, subiri ukauke. Kila mwanafunzi atapata nakala yake mkononi. Halafu mwambie aandike lebo, na msimpe alama mpaka aiandike.