SOMO LA BIOLOJIA: PROTEINI YA MTOTO INAYORUDI MU MTU MZIMA



Mara hii tunajifunza juu ya proteini moja, alfa-fetoproteini. Kwa ufupi AFP. Tumeichagua juu inagusa ugonjwa wa ini, na ule ugonjwa unaleta maneno mengi mu familia zetu.

1. AFP ni kitu gani?

Mtoto akiwa mu tumbo la mama, ini lake linatengeneza AFP kwa wingi. Kiisha kuzaliwa inapunguka, na mu damu ya mtu mzima inabaki kidogo sana. Mwaka 1963, kule Moscow, Abelev na wenzake walionyesha kama inarudi mu panya wenye kansa ya ini. Mwaka 1964 Tatarinov aliiona mu damu ya mtu mgonjwa. Njo kusema, seli za kansa zinaanza tena kazi ya utoto.

2. Antibodi inaitafuta namna gani?

Antibodi ni proteini ya kinga. Inashika kitu chake tu, sawa ufunguo na kufuli. Mnyama, kama sungura, anachomwa sindano ya AFP ya mtu, na mwili wake unatengeneza antibodi ya kuishika. Mwaka 1975 Köhler na Milstein walipata njia ya kutengeneza antibodi za namna moja tu kwa seli zinazolelewa mu laboratwari.

Munganga anatoa kipande kidogo cha ini. Kinawekwa mu formoli, kinafungwa mu parafini, kinakatwa chembamba sana na kubandikwa juu ya kioo. Wanatia antibodi, kiisha wanaosha. Ile iliyoshika AFP inabaki. Ingine inaenda na maji. Lakini antibodi haionekani. Kwa hiyo inaungwa na enzima, na enzima inageuza dawa fulani kuwa rangi ya kahawia.

Hapa tuangalie vizuri. Sisi wa Kolwezi tunajua malakiti kwa rangi ya kijani, na rangi ile ni ya jiwe lenyewe. Mu kioo si vile: rangi inatoka kwa kazi ya enzima, haitoki mu AFP. Na ini liko na enzima zake lenyewe. Juu ya hiyo wanatayarisha kioo cha pili pasipo antibodi ya AFP. Nacho kikigeuka kahawia, jibu la kwanza haliaminiki.

Tena, rangi ikikosa, tusiseme kansa hakuna. Kansa nyingi za ini hazitengenezi AFP.

3. Ugonjwa unatoka wapi?

Kule Uganda, Alpert, Hutt na wenzao walipima vyakula 480 vilivyowekwa akiba. Mwaka 1971 waliandika kama karibu 30 kwa 100 vilikuwa na aflatoksini, sumu ya ukungu. Mahali sumu ilizidi, kansa ya ini nayo ilizidi. Sumu ile ikiwa nyingi inaua hata upesi: mu Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye ukungu yaligonjesha watu 317, na 125 walikufa. Sababu ingine kubwa ni virusi ya hepatiti B. Vyote viwili vikikutana mu mtu mmoja, hatari inazidi sana.

4. Na sisi?

Tumbo la mtu likivimba na macho yakiwa manjano, ndugu wanaanza kutafuta mulozi. Mara ingine ni bibi mzee njo anafukuzwa mu nyumba. Sisi wanafunzi tumekaa mu matanga kama hayo, tukajua kidogo, tukanyamaza. Kunyamaza kule si kizuri. Tunaweza kusema kwa heshima: «Baba, mama, kuna ugonjwa wa ini, tumpeleke hospitali mbele ya kumshitaki mtu.»

Nyumbani tukaushe karanga na mahindi vizuri. Yenye ukungu tuitupe, tusiisage kwa bukari wala kuitia mu sombe: moto wa jiko haumalizi aflatoksini. Na watoto wapate chanjo ya hepatiti B.

Maulizo

1. Sababu gani kioo cha pili kinahitajiwa?
2. Mgonjwa asiye na AFP anaweza kuwa na kansa ya ini? Eleza.
3. Kwenu karanga zinawekwa wapi wakati wa mvua? Nenda uangalie, kiisha ujibu.