Maswali mnayoniuliza kuhusu kazi ya kumhudumia mgonjwa nyumbani

Likizo ndefu iliyopita sikwenda kwetu. Nilibaki Dar es Salaam nikimhudumia mzee mmoja aliyepooza upande wa kulia baada ya kiharusi. Tangu tufungue chuo, kila nikikaa kantini naulizwa maswali yale yale, basi nayajibu hapa mara moja.

La kwanza huulizwa kwa kunong'ona: "Ulikuwa unamwogesha?" Ndiyo. Mlango umefungwa, na khanga imefunika sehemu ambayo haioshwi kwa wakati huo. Anapofika kwa mkono wake mzima anaosha mwenyewe. Siku ya tatu tulikuwa tunabishana Simba na Yanga.

"Lazima uwe nesi?" Hapana, ila lazima ufundishwe. Mimi nilifundishwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuja kila wiki. Shati linaanza kuvikwa mkono uliopooza. Kulivua, unaanza mkono mzima. Usimwinue mtu kwa kumvuta mkono uliopooza, utamuumiza bega. Asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku, la sivyo atatoka vidonda kiunoni na visiginoni. Sindano na mipira ya mkojo si kazi yako, mwachie nesi.

Kwenye kulisha nilikosea. Siku ya kwanza nilimpa uji akiwa amejilaza nusu kwenye mto. Akapaliwa mpaka macho yakamtoka, na mimi nikabaki nimeshika kijiko, natetemeka. Kumbe kiharusi huweza kuharibu hata kumeza. Mgonjwa akae wima, apewe kidogo kidogo, umwone amemeza ndipo uongeze, na akimaliza asilale kwa nusu saa hivi. Akiwa anakohoa kila akila, mwambieni daktari.

Swali gumu ni hili: bosi wako ni nani? Walionilipa ni watoto wake, nao walitaka baba akae kitini asije akaanguka. Yeye alitaka kufika barazani asalimiane na watu. Darasani tunafundishwa kumpa mwanafunzi msaada, kisha kuupunguza kadiri anavyoweza. Hapa nilikuwa nalipwa nifanye kila kitu! Siku moja nikamtembeza, nikiwa upande wake dhaifu, kiti kikitusubiri katikati ya safari. Binti yake akatukuta.

"Mdogo wangu, akianguka utatulipa nini?"

Sikuwa na jibu. Mzee ndiye aliyejibu: "Mimi sijafa." Tukampigia simu yule mtaalamu, ikakubaliwa mara mbili kwa siku, kwa viatu vilivyofungwa vizuri na si kandambili. Kusema kweli, ningepiga simu ile kabla ya kumtembeza.

Hela? Tulipatana kwa mdomo. Mwezi wa pili nikaombwa nilale hapo hapo, naamshwa usiku, malipo yale yale. Nilipouliza nikaambiwa, "Si unalala tu?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kila wiki upate mapumziko ya saa 24 mfululizo. Mimi niliisoma likizo imeshaisha. Wewe andikishianeni kabla hujaanza: saa, malipo, siku ya kupumzika, na usiku anaamka nani.

Juzi yule dada alinipigia. Baba yake sasa anataka kufika getini, na anataka niwe mimi. Nimemwambia nitakuja, ila aje na karatasi tuandike.