Filamu Inavyoingia kwenye DVD na Kuchezeka

Mtu mwenye video ya harusi kwenye kompyuta huweza kuinakili kwenye diski tupu, akaichoma, na bado akashindwa kuitazama. Kompyuta inaifungua diski bila taabu, lakini deki ya sebuleni inaikataa. Diski ni nzima, deki ni nzima, na faili la video limo ndani. Sababu haionekani kwa macho, na ili kuifikia inafaa kuanza na diski yenyewe.

DVD ni duara la plastiki lenye kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2. Unene huo hutokana na mabamba mawili ya polikaboneti, ambayo ni plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kila bamba lina milimita 0.6, na yote mawili yamegandishwa pamoja. Taarifa hukaa katikati yao. Kwenye diski tupu ya kuandikwa mara moja, hapo katikati pana tabaka jembamba la rangi maalumu, na nyuma yake tabaka la metali linalorudisha mwanga. Plastiki ina mfereji mmoja unaoanza karibu na tundu la katikati na kuzunguka bila kukatika hadi karibu na ukingo. Kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata ni mikromita 0.74, na mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita. Mfereji huo ukinyooshwa, urefu wake unakaribia kilomita 12.

Mfereji huo huandikwa na kusomwa kwa leza, mwanga wa rangi moja unaoweza kukusanywa kwa lenzi hadi uwe nukta ndogo mno. Leza ya DVD ni nyekundu, na urefu wa wimbi lake ni nanomita 650. Wakati wa kusoma, mwanga huo ni dhaifu: unafika kwenye metali, unarudi, na kifaa kinapima kiasi kilichorudi. Wakati wa kuandika, nguvu yake huongezwa mara nyingi. Rangi iliyo kwenye nukta hiyo hupata joto kali na kubadilika, na kuanzia hapo mahali hapo hurudisha mwanga mchache kuliko jirani zake. Alama fupi kabisa ina urefu wa mikromita 0.4 hivi. Badiliko hilo halirudi nyuma, ndiyo maana diski ya aina hii haiandikwi mara ya pili mahali palepale.

Kompyuta huhifadhi kila kitu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti, na biti 8 hufanya baiti 1. Mtu angedhani kwamba mahali palipoungua ni 1 na pasipoungua ni 0. Sivyo. Tarakimu 1 huandikwa kwa mpaka, yaani pale mwanga unapobadilika kutoka mwingi kwenda mchache au kinyume chake. Mwanga usipobadilika, kifaa husoma 0 moja baada ya nyingine hadi mpaka mwingine ufike.

Kwa njia hiyo, diski ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, ambazo ni biti bilioni 37.6. Kompyuta nyingi huonyesha gigabaiti 4.37, kwa kuwa huhesabu kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000. Kiasi ni kilekile.

Sasa tuitazame video. Video ni mfululizo wa picha tuli, na kila picha huitwa fremu. Mfumo wa televisheni wa PAL, ambao Tanzania, Kenya na nchi nyingi za Ulaya ziliutumia, huonyesha fremu 25 kila sekunde. Kwenye DVD, fremu ya PAL ina vitone 720 kwa upana na 576 kwa kimo. Kitone kimoja huitwa pikseli, na fremu moja inazo 414,720. Tukiipa kila pikseli biti 24 za kueleza rangi yake, sekunde moja ya video inahitaji karibu biti milioni 249. Gawanya bilioni 37.6 kwa milioni 249: jibu ni sekunde 151. Diski nzima ingejaa kwa dakika mbili na nusu, kabla bwana harusi hajashuka kwenye gari.

Kwa hiyo ni lazima picha zibanwe. DVD ya filamu hutumia kanuni ya ubanaji iitwayo MPEG-2, na kanuni hiyo ina hatua mbili. Kwanza, ndani ya kila fremu, hutupa undani ambao jicho la binadamu haliutambui kwa urahisi. Pili, hulinganisha fremu na zile zinazopakana nayo. Maharusi wakiwa wameketi mbele ya pazia, pazia halibadiliki kutoka fremu hadi fremu. Hakuna haja ya kuliandika upya mara 25 kwa sekunde. Fremu moja huandikwa nzima, na zinazofuata huandikwa tofauti zake tu, kisha huja nyingine nzima. Katika PAL, kundi moja la namna hiyo halizidi fremu 15.

Hapa ndipo sababu ya kwanza ya diski kukataliwa inapoonekana. Simu za leo hubana video kwa kanuni mpya zaidi, kama H.264, wakati deki ya kawaida ina saketi iliyoundwa kufungua MPEG-2. Baadhi ya deki husoma mafaili ya aina nyingine, lakini kiwango cha DVD hakizilazimishi kufanya hivyo. Video lazima ibadilishwe kwanza, na sauti nayo iwe na sampuli 48,000 kwa sekunde.

Wakati wa kubadilisha, programu huuliza itumie biti ngapi kwa sekunde. Swali hili linastahili utulivu, kwa kuwa ndilo linaloamua ubora wa picha. Chukua biti bilioni 37.6 ugawanye kwa urefu wa video. Saa 2 ni sekunde 7,200, na jibu ni milioni 5.2 kwa sekunde. Toa milioni 0.2 za sauti, uache na nafasi kidogo ya menyu na maelekezo: picha inabaki na milioni 4.8 hivi, kiasi kinachotosha vizuri. Ukilazimisha saa 4 kwenye diski hiyohiyo, picha hubaki na chini ya nusu ya kiasi hicho, na kila watu wanapocheza utaona vipande vya miraba. Ni afadhali kutumia diski mbili. Upande wa pili upo ukomo pia: picha ya DVD hairuhusiwi kuzidi biti milioni 9.8 kwa sekunde, hata video iwe fupi namna gani.

Sababu ya pili ni mpangilio. Deki ya kawaida haipekui diski kutafuta video. Huenda moja kwa moja kwenye folda iitwayo VIDEO_TS, na isipoiona, hukoma. Ndani ya folda hiyo, mafaili ya VOB hubeba picha na sauti, kila moja likiwa halizidi gigabaiti 1. Mafaili ya IFO hueleza sura zinaanzia wapi na menyu inaelekeza wapi, na yale ya BUP ni nakala za IFO endapo diski itakwaruzika. Programu ya bure kama DVDStyler huandaa yote haya na kubadilisha video kwa pamoja.

Kuchoma kwenyewe ni kazi fupi. Kasi ya 1x huandika diski iliyojaa kwa karibu saa moja, na 8x kwa takriban dakika kumi. Kasi ya wastani, 4x au 8x, inatosha. Kwa deki za zamani, chagua DVD-R, ambayo ni diski ya kuandikwa mara moja, kwani nyingi huisoma kwa urahisi kuliko diski za kufutika, ambazo hurudisha mwanga mchache zaidi. Usiache kamwe hatua ya kuifunga diski mwishoni, ambapo kiendeshi huandika maelezo ambayo deki huyasoma kabla ya kitu kingine chochote.

Ijaribu diski kwenye deki hadi mwisho wake, hasa dakika za mwisho zilizo karibu na ukingo, kisha uiweke mbali na jua, kwa kuwa rangi ile huendelea kuathiriwa na mwanga na joto. Na faili la asili usilifute. Undani uliotupwa na MPEG-2 haumo tena kwenye diski, na hakuna programu itakayourudisha.