Uhalisia na Mwanga: Mwili wa Binadamu katika Michoro ya Caravaggio

Utangulizi
Katika uhakiki wa fasihi, istilahi ya uhalisia aghalabu hufasiliwa kuwa ni kusawiri mambo jinsi yalivyo. Makala haya yanaipima fasili hiyo kwa kurejelea uchoraji wa kipindi cha Baroko, hususan kazi za Mwitaliano Michelangelo Merisi da Caravaggio (1571-1610).

Mwili
Kabla yake, wachoraji wengi wa Italia waliusawiri mwili wa mtakatifu kama kielelezo cha ukamilifu: ngozi laini na viungo vilivyolingana. Caravaggio aliwachora watu wa kawaida waliokaa mbele yake. Katika mchoro wa Bikira Maria wa Loreto, ulioko katika kanisa la Sant'Agostino mjini Roma, mahujaji wawili wamepiga magoti, na nyayo chafu za mwanamume zinamwelekea mtazamaji. Mchoro wake wa kifo cha Bikira Maria nao ulikataliwa na watawa wa kanisa uliokusudiwa. Humo, Maria ni maiti hasa: mwili umevimba, miguu i wazi. Mnamo 1607 mtawala wa Mantua aliununua kwa ushauri wa mchoraji Rubens. Leo umo katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Mwanga
Hata hivyo, mwanga unaoimulika miili hiyo si wa kawaida. Katika Wito wa Mathayo Mtakatifu (1599-1600), chumba kimegubikwa na giza. Mwale unapenya kutoka kulia, juu ya kichwa cha Kristo, ukifuata mkono wake ulionyoshwa hadi kwenye nyuso za waliokaa mezani wakihesabu fedha. Ukutani pana dirisha, lakini halitoi mwanga wowote. Mwanga huu, basi, una jukumu sawa na la msimulizi: huamua kipi kionekane na kipi kisitirike.

Hitimisho
Ni bayana kwamba uhalisia si kunakili tu. Uchafu wa nyayo umetokana na kutazama. Giza limetokana na kuteua. Mhakiki wa riwaya au tamthilia anayeridhika kusema kuwa matukio fulani hutokea katika jamii amefanya nusu ya kazi. Hana budi kuuliza pia mwandishi amemmulika nani, kutoka upande upi, na ni nani aliyeachwa gizani.