Somo: Kodi, Deni na Dalali wa Mahakama

Wazee wa mpakani wangali wanaikumbuka kodi ya kichwa, na vijana waliojificha vinamasini walipoona wakusanyaji. Uganda iliifuta mwaka 2005. Kodi ya huduma za mitaa, iliyowekwa mwaka 2008, haimhusu asiye na ajira wala mkulima wa kujikimu. (Sisi polisi pia tumesamehewa, na twalikiri.) Basi aliyepoteza kazi na aende mapema gombolola na barua ya kuachishwa, kabla jina lake halijaandikwa katika orodha ya wadaiwa.

Deni lolote likihukumiwa, atakayebisha hodi ni dalali wa mahakama. Mwombe hati, tazama jina, kiasi na muhuri. Usiyejua kusoma, mwite mwenyekiti wa LC 1. Haruhusiwi kuingia nyumbani baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko haviguswi. Wala cherehani ya fundi, wala jembe la mkulima, pamoja na mbegu na ng'ombe ambao mahakama itaona hawezi kuishi bila wao.

Sisi hatukusanyi madeni. Tukifuatana na dalali, twalinda amani ya pande zote mbili. Askari akikutishia mahabusu kwa deni pasipo amri ya mahakama, mshitaki kwa mkuu wa kituo.

Dalali akichukua kitu, dai papo hapo orodha yenye saini yake. Wengi hutujia mikono mitupu, nasi twakosa pa kuanzia.