Kwa Nini Homoni Mbili? Tiba ya Dalili za Kukoma Hedhi

Mwanafunzi wa biolojia hufundishwa kwa kirefu namna hedhi inavyoanza na namna mzunguko wake unavyokwenda mwezi hata mwezi. Namna inavyokoma hutajwa mara nyingi kwa sentensi moja, kana kwamba jambo hilo halina sayansi ndani yake. Ilhali wapo wanafunzi wengi ambao mama zao, shangazi zao, na pengine mwalimu aliyesimama mbele yao, wamo katika miaka hiyo hiyo. Makala haya yanaeleza tiba moja itumikayo kupunguza taabu za wakati huo, yaani tiba ya homoni mbili kwa pamoja. Hasa yanaeleza kwa nini homoni hizo ni mbili wala si moja, kwa kuwa asiyelielewa jambo hilo aweza kuigeuza dawa nzuri kuwa chanzo cha kansa.

Akiba ya mayai inapokwisha

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai machanga yapatayo milioni 1 hadi 2 katika ovari zake. Afikapo kuvunja ungo hubakiwa na laki 3 hadi 4 hivi, na katika hayo ni kama 400 tu yatakayopevuka na kutoka. Yaliyosalia hunyauka yenyewe. Kila yai linapokua, kifuko kilichalo huzalisha homoni iitwayo estrojeni. Na yai likisha kutoka, mabaki ya kifuko hicho huzalisha homoni ya pili, projesteroni. Basi akiba ya mayai inapokaribia kwisha, homoni hizo nazo hupungua, kwanza kwa kupanda na kushuka bila mpango, kisha kwa kushuka tu. Mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona, na kwa walio wengi hayo hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55.

Estrojeni haifanyi kazi katika viungo vya uzazi peke yake. Ubongo, mifupa, ngozi, kibofu na mishipa ya damu vyote huipokea. Inapopungua, sehemu ya ubongo inayotawala joto la mwili hushtuka kwa badiliko dogo sana, ikaamuru mwili upoe wakati haukuwa na joto la kupozwa. Hapo mwanamke huhisi moto ukipanda kifuani na usoni, akatota jasho, kisha akasikia baridi. Usiku hali hiyo humkatiza usingizi. Aidha uke huwa mkavu na tendo la ndoa huleta maumivu, na mifupa huanza kupoteza uzito wake kwa kasi. Kukoma hedhi si ugonjwa, na wako wanawake wanaopita kipindi hiki bila taabu yoyote. Lakini wako pia wasiolala vizuri kwa miaka.

Tiba iliyoanza na homoni moja

Kwa kuwa upungufu ni wa estrojeni, wazo la kwanza la waganga lilikuwa kuirudisha estrojeni. Mwaka 1942 dawa iitwayo Premarin iliruhusiwa kuuzwa nchini Marekani. Homoni zake zilichujwa kutoka katika mkojo wa farasi jike wenye mimba, na jina lenyewe la dawa limefupishwa kutokana na maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo. Mwaka 1966 daktari Robert Wilson wa New York alitoa kitabu kilichodai kwamba kukoma hedhi ni ugonjwa wa upungufu, na kwamba estrojeni humbakiza mwanamke katika ujana wake. Yalikuwa maneno matamu kuliko ushahidi uliokuwapo, na dawa ikanunuliwa kwa wingi.

Mwaka 1975 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa mbili za utafiti kwa pamoja. Taarifa moja ilionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni peke yake walikabiliwa na kansa ya mji wa mimba mara 4.5 kuliko wasioitumia; nyingine ilipata mara 7.6.

Sababu yake anaweza kuieleza mwanafunzi yeyote anayeujua mzunguko wa hedhi. Katika nusu ya kwanza ya mwezi estrojeni huuamuru utando wa ndani wa mji wa mimba ukue na kunenepa. Katika nusu ya pili projesteroni huusimamisha ukuaji huo na kuukomaza utando. Na homoni zote mbili ziposhuka, utando hubomoka na kutoka kama hedhi. Mwanamke anayepewa estrojeni tu ni kama shamba linalotiwa mbolea kila siku lisipaliliwe kamwe. Seli huongezeka, huongezeka tena, na baadhi yake hatimaye huacha kutii utaratibu. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 1996, wanawake wenye mji wa mimba waliomeza miligramu 0.625 za estrojeni peke yake kila siku walichunguzwa kwa miaka 3. Kiasi cha 62 katika kila 100 walikutwa na ukuaji wa kupita kiasi wa utando huo. Kwa waliomeza vidonge visivyo na dawa walikuwa 2 tu katika kila 100, na waliopewa homoni zote mbili walikuwa karibu sawa na hao wa mwisho.

Hii ndiyo asili ya tiba ya pamoja. Homoni ya pili huwa projesteroni yenyewe au dawa ya jamii yake, na jamii hiyo yote huitwa projestojeni. Mwanamke aliyekwisha kuondolewa mji wa mimba kwa upasuaji kwa kawaida haihitaji, maana hana utando wa kulindwa.

Homoni isiyohisiwa

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini kuliko mengine yote. Estrojeni huhisiwa: joto hupungua, usingizi hurudi, na baada ya wiki chache mtumiaji husema amepona. Projestojeni haihisiwi kwa wema wowote. Kinyume chake, baadhi ya wanawake huwaletea tumbo kujaa, matiti kuuma au moyo mzito. Basi mgonjwa anayepungukiwa na fedha, au aliyechoshwa na maudhi hayo, huona ni busara kuacha kidonge “kisichofanya kazi” na kubaki na kile kinachomfaa. Dalili hazirudi. Hajisikii vibaya, na pengine hujisikia vizuri zaidi kuliko mwanzo. Hatari hukua kimya ndani ya mji wa mimba kwa miezi na miaka. Projestojeni ikimuudhi mtu, dawa yake ni kumwambia daktari ambadilishie aina au njia ya kuitumia, si kuiacha.

Njia zenyewe ni kadha wa kadha. Mwanamke ambaye hedhi yake ndiyo kwanza inakatika hupewa estrojeni kila siku na projestojeni kwa siku 12 hadi 14 za kila mwezi, na damu kidogo hufuata. Aliyekwisha kupitisha mwaka bila hedhi huweza kupewa zote mbili kila siku. Kitanzi kinachotoa homoni ya levonojestreli ndani ya mji wa mimba chaweza kuchukua nafasi ya vidonge vya projestojeni kwa muda uliowekwa. Kitanzi cha shaba hakiwezi, kwa sababu hakina homoni yoyote. Wala krimu za projesteroni za kupaka ngozini hazijathibitishwa kuulinda utando. Kwa upande mwingine, estrojeni ya kiasi kidogo sana inayotiwa ukeni kwa ajili ya ukavu peke yake kwa kawaida haihitaji homoni ya pili, kwani ni chache mno inayoingia katika damu.

Kusoma tarakimu

Mwezi wa Julai 2002 Marekani ilisimamisha kabla ya wakati jaribio kubwa la tiba ya pamoja, sehemu ya utafiti ulioitwa Women's Health Initiative. Wanawake 16,608 wa umri wa miaka 50 hadi 79 walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata homoni mbili na wengine vidonge visivyo na dawa, kwa wastani wa miaka 5.2. Magazeti yalitangaza kwamba kansa ya matiti imeongezeka kwa zaidi ya robo, na wanawake wengi waliziacha dawa zao kwa hofu.

Tangazo hilo lilikuwa kweli, ila halikutimia. Katika kila wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, kansa ya matiti iliwapata 30 katika wasiotumia na 38 katika waliotumia. Waliopatwa na kiharusi walikuwa 21 na 29. Donge la damu katika mapafu, 8 na 16. Maradhi ya mishipa ya moyo, 30 na 37. Hesabu nyingine zilishuka: waliovunjika nyonga walikuwa 15 wakawa 10, na kansa ya utumbo mpana ilipungua kutoka 16 hadi 10. Tena wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, ilhali wengi wanaoomba tiba hii wana miaka 50 na kitu. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa wanaoanza kabla ya miaka 60, au kabla ya miaka 10 tangu hedhi ikome, hatari kwa moyo ni ndogo kuliko kwa wanaoanza wakiwa wazee. Mwezi wa Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza nia ya kuondoa katika dawa hizi maonyo makali kuhusu moyo na kansa ya matiti. Onyo moja halikuguswa, nalo ni la kansa ya mji wa mimba kwa dawa za estrojeni peke yake.

Nani aitumie, na vipi

Aliyewahi kuugua kansa ya matiti, kiharusi, shtuko la moyo au donge la damu mguuni au mapafuni, na mwenye ugonjwa mkali wa ini, kwa kawaida hapewi vidonge hivi. Damu inayotoka bila sababu kujulikana yapasa ichunguzwe kwanza. Shinikizo la damu lipimwe na kutulizwa. Estrojeni inayomezwa hupita kwenye ini kabla ya kuenea mwilini, na ini huchochewa kutengeneza vigandishi vya damu. Ile ya plasta ya ngozini huikwepa njia hiyo, na tafiti za kufuatilia watumiaji hazikuona ongezeko la madonge kwa dozi ya kawaida.

Dawa nyingine nazo zisisahauliwe. Rifampisini, inayotibu kifua kikuu, na fenitoini na kabamazepini za kifafa, hulifanya ini livunje homoni upesi, hata projestojeni ikapungua nguvu. Kadhalika tiba hii si ya kuzuia mimba, na vidonge vya uzazi wa mpango havikutengenezwa kwa kazi hii. Damu ya matone katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ni jambo la kawaida. Ikiendelea baada ya hapo, au ikianza upya baada ya kukauka, daktari aambiwe bila kungoja.

Zoezi

Tumieni tarakimu za mwaka 2002 zilizotajwa hapo juu. Madonge ya mapafuni yaliongezeka kwa asilimia ngapi, na ni wanawake wangapi zaidi katika kila 10,000 kwa mwaka? Ni lipi kati ya majibu hayo mawili lingefaa kuandikwa gazetini, na kwa nini? Kisha jadilini: mwanamke wa miaka 52 mwenye kitanzi cha shaba amepewa na jirani yake plasta za estrojeni, naye sasa analala vizuri. Chora mji wake wa mimba na ueleze kinachotendeka katika utando wa ndani.